Embe la Bafuni

Gakii, nimejifungia bafuni na sitanii. Usinipigie simu, atasikia.

Unakumbuka ule mmea Githinji aliniachia akienda likizo nyumbani? Aliniambia ni dawa ya kifua ya shosho yake mzaa baba. Ni bangi. BANGI, Gakii! Ametuma ujumbe wa sauti leo akicheka: "Kwani miezi miwili yote hukujua?"

Miezi miwili nimeulea kama mtoto! Kila siku ananikumbusha, "Agosti ya Doha ina unyevu, uwekee feni maua yasishike ukungu." Feni yangu! Mimi nalala nikilowa jasho, bangi inapigwa upepo.

Sasa imechanua na inanukia embe bivu korido nzima. Henry, yule Mganda anayesimamia hosteli yetu, amefuata harufu mpaka chumbani kwangu. "Ssebo, bwana wangu, una embe?"

Ningesema ni sabuni. Ningesema ni mafuta ya nywele. Mdomo wangu ukasema, "Eeh, liko bafuni, ngoja nikuoshee."

Akakaa kitandani kwangu. AMEKAA, Gakii! Anasema tangu atoke Masaka hajala embe la maana.

Mti, niliouficha humu baada ya ule ujumbe, unanifika kifuani, choo hakiwezi kuumeza. Dirisha halifunguki. Akiingia hapa, ni jela kwanza, halafu ndege.

Nimefungua bomba nijifanye naosha. Amegonga mlango sasa hivi: "Ronny, usihangaike na kisu. Mimi embe nakula na ganda lake."