Sanduku la Chini ya Kitanda

Mtaa wa Skillman 218, ghorofa ya tatu,
Brooklyn, New York
9 Machi 1949

Mpendwa wifi yangu Ersilia,

Nakusalimu kwa mapenzi, wewe na nyumba yako yote huko Palermo. Kile kifua kimekuachia? Na goti la mumeo Turi? Sisi huku wazima wa mwili, ila mimi nina hasira, na usipoiona kwenye mwandiko huu basi nunua miwani mingine.

Sidhani kama kaka yako amewahi kukueleza sawasawa kazi yake. Mwaka wa kumi na moja huu Gaspare anachora vitabu vya katuni, vile vya senti kumi. Yeye anatia penseli, mimi napaka wino juu yake, kwenye meza hii hii ya kukatia tambi. Yule mpelelezi asiye na kivuli, wanayemgombania watoto wa mtaa mzima, kamtoa kichwani mwake akiwa kitandani na homa. Lakini juu ya kila kitabu imeandikwa Rex Dorrance. Hakuna mtu anayeitwa hivyo. Ni jina la kampuni, wachoraji watatu wanachora chini yake, na anayeondoka analiacha. Bosi alimwambia mbele yangu, “Todaro ni jina la kinyozi, bwana. Wewe chora, jina niachie mimi.” Gaspare akacheka naye. Mimi sikucheka.

Kitu kimoja tu alikipitisha kwa wizi. Kila kitabu alimchora marehemu mama yenu, kajifunga kitambaa, yuko dirishani anatazama wapita njia. Hiyo ndiyo sahihi yake.

Kisha mapadre na magazeti wakaanza kusema vitabu hivi vinafundisha watoto wizi na uuaji. Aibu ikamwingia mume wangu. Majirani akawaambia anachora viatu vya matangazo, na binti yetu Rosalia naye akaambiwa hivyo hivyo. Nikamwonya, “Gaspare, njia ya mwongo ni fupi.”

“Mena, hebu niache,” akasema. “Mtoto asome kwa raha.”

Basi Alhamisi iliyopita masista wa shule wakawasha moto uani. Kila mtoto alete katuni alizonazo, na atakayeleta nyingi kuliko wenzake ndiye atakayeshika kiberiti. Rosalia akawashinda wote. Alipeleka sanduku zima la chini ya kitanda chetu, nakala moja moja ya kila kitabu alichochora baba yake. Kurasa zenyewe alizozichora kwa mkono kampuni huzikatakata zikishapigwa chapa, kwa hiyo sanduku lile ndilo lililokuwa limebaki. Alirudi ananuka moshi, kavaa medali ya Bikira Maria.

“Mama, mia na arobaini na mbili,” akaniambia. “Sista amesema nimeokoa roho.”

Ningempigia nini, wifi? Ana miaka kumi, na jina la baba yake halikuwa mahali popote. Gaspare alipoingia akasikiliza yote, akambusu kwenye paji la uso, akamwambia, “Umefanya vema, mama.” Akaketi kula supu yake ya maharagwe. Ungemwona anavyochovya mkate ungetamani kumrushia chungu.

Juzi Jumatatu akaacha kazi. Amepata nyingine kwenye duka kubwa la viatu, kuchora matangazo. Anasema sasa hatumdanganyi mtu. Nikamuuliza, mtu mzima unatupa miaka kumi na moja kwa sababu ya moto wa watoto? Akasema si kwa sababu ya moto, akavaa kofia akatoka.

Kwa hiyo nakuomba. Vile vitabu alivyokuwa akikutumia baada ya vita, kama hujafungia dagaa, nitumie. Nataka nimwekee mezani avione, aone haya kwa kuviacha.

Kalamu niliiweka hapo. Leo ni Ijumaa. Jana nilimkalisha Rosalia nikamweleza kila kitu, masista wakasirike wakipenda. Nilijitayarisha kumbembeleza akilia. Hakulia. Alinitazama kama mtu anayesubiri nimalize, kisha akasema, “Lakini Mama, Baba alijua. Lilikuwa zito mno. Yeye ndiye aliyenibebea mpaka shuleni.”

Tangu hapo sijamsemesha Gaspare. Hasira niliyokuwa nimewagawia bosi na masista imemrudia mtu mmoja. Nami najua tabia yako ya kumtetea kaka yako. Safari hii usithubutu. Vitume tu vile vitabu, na juu ya furushi uandike jina langu, si lake. Akilipokea furushi yeye, atalibeba hilo pia.

Nisalimie Turi, shangazi Crocifissa na mapacha wako. Mungu awape mkate na amani, na amani nyingine kidogo aielekeze huku.

Wifi yako akupendaye, hata leo,

Mena