Mwanamke Ndani ya Sanduku la Kioo

Saltley, Birmingham
Machi 2006

Koko, bibi yangu mpendwa,

Naanza kwa kuyaulizia magoti yako: yanakuacha utembee mpaka kanisani, au bado shangazi anakushika mkono? Sisi ni wazima. Mama angali anapakia kuku kiwandani, mdogo wangu Baraka anajibu kila kitu kwa Kiingereza hata akiulizwa kwa Kiswahili, na mimi nasoma. Najua tangu tulipomzika Papa huku hutaki kuongea na Mama kwenye simu. Maneno yako ya mwisho hayajatutoka masikioni: "Mmemtupa mtoto wangu katikati ya watu asiowajua. Nani atamtambua kwamba alikuwa wetu?" Siandiki ili nibishane nawe. Naandika kwa sababu Alhamisi iliyopita niliona jambo ambalo mpaka sasa linanitetemesha.

Darasani tunasoma asili ya Wakelti, watu wa kale ambao Wawelisi wa Wales na Waayalandi wanawahesabu kuwa mababu zao. Mimi nilidhani hao ndio wenye nchi hii tangu mwanzo. Kumbe! Vitabu vilivyozoeleka vinasema chimbuko lao ni mbali, katikati ya Ulaya, kwenye milima ya Austria ambako watu walichimba chumvi na kufua chuma. Halafu mwalimu wetu, naye ni Mwelisi, akatuchanganya zaidi. Akasema siku hizi wataalamu wengi wana shaka kama kundi kubwa lilihama kweli, au ni lugha na ufundi tu vilivyosafiri kutoka kwa jirani hadi kwa jirani.

"Kwa hiyo hata wewe hujui ulikotoka?" mwenzetu mmoja akamtania.

"Sijui!" Akacheka.

Koko, nilishtuka. Mtu mzima hajui ukoo wake ulikotoka, na anacheka?

Basi tukapelekwa makumbusho, na Mama akaja kama mzazi wa kusindikiza. Mle ndani kuna mwanamke wa wakati wa hao Wakelti, mifupa mitupu, amelazwa kwa ubavu ndani ya sanduku la kioo, magoti yamekunjwa, taa inammulika. Wenzangu wakasogea kumchora. Mama akalizunguka sanduku. Kisha akafungua kitenge chake cha juu, akakitandaza juu ya kioo, akamfunika.

Nilitamani ardhi ipasuke niingie.

"Mama yako anatandika kitanda!" wakacheka. Mlinzi akaja mbio, akaomba nguo iondolewe.

"Anasema nini huyu?" Mama akaniuliza.

"Uondoe kitenge, Mama. Tafadhali, twende."

"Mwambie nitakiondoa akiniambia huyu ni wa nani. Mama mzima wamemlaza uchi mbele ya watoto. Hana ndugu?"

Mimi, ambaye hata jina langu likiitwa darasani sauti hainitoki, nikatafsiri yote mbele ya watu. Mlinzi akamtazama mwalimu. Safari hii mwalimu hakucheka. Akasema jina la mwanamke huyu limepotea, lakini si kila kitu kimepotea. Meno ya mtu hujengeka akiwa mtoto, na hushika alama ya maji aliyokunywa. Walipoyapima ya huyu waliona hakukulia hapa. Alikunywa maji ya milima ya mbali, ng'ambo ya bahari. Akaja, akafa, akazikwa na watu wa huku, na baada ya miaka zaidi ya elfu mbili meno yake bado yanataja kwao.

Nilipomweleza Mama, akasema, "Muulize tena." Nikauliza tena.

"Yanataja hata kwenye udongo huu wa baridi?" Mama akasema, nami nikatafsiri.

"Hata huu."

"Hata mtu mweusi?"

"Meno ni meno, mama," mwalimu akajibu.

Mama akakaa pale pale sakafuni, akalia. Tangu mazishi hakuwahi kulia mbele yetu. Alilia kwa sauti ile ya msibani, ya kwetu. Mlinzi akaenda kumletea kiti. Mama hakukikalia. Alikunja kitenge chake, akamwambia yule mwanamke, "Pole, mwenzangu," akatoka.

Kwenye basi akaniambia nikuandikie. Anasema wewe ni mama mkwe wake, hawezi kusimama mbele yako kujitetea, ila ujue hakumtupa mtu. Nikamuuliza, "Papa alikunywa maji gani utotoni?" Akasema hajui. Walikutana mjini Uvira, chini ya milima, wakiwa watu wazima. Papa alikuwa akisema tu, "huko juu kwetu," na sisi hatukuuliza zaidi, tulidhani tutakuwa naye siku zote.

Msalimie shangazi, na baba mdogo anayefundisha kwaya, na yule mama jirani anayekuchotea maji. Baraka naye amekutumia salamu za Kiingereza, nimekataa kuziandika mpaka aziseme vizuri.

Kama bado huwezi kumjibu Mama, nijibu mimi. Ni maji ya kijito gani aliyokunywa Papa, Koko, na kinaitwaje? Kati ya watu wote waliobaki, ni wewe peke yako uliyemshikia kikombe.

Mjukuu wako anayekungoja,
Neema