Maua ya Miiba Mlangoni kwa Mama Mkwe

Jumamosi, 10 Julai 1976
Mume wangu Mutiso amekuja likizo kutoka kazini Makindu. Ameniletea vijiti vya ule mmea mfupi wa miiba wenye maua mekundu, ulio mbele ya nyumba za reli. Nimeutamani tangu nilipouona Pasaka! Nimepanda viwili papo hapo kando ya mlango, nikavimwagia karai zima la maji. Cha tatu, kile kinene chenye matawi, nimekirusha ghalani.
Mama mkwe hajapenda. Mbele ya nyumba panatakiwa pafagiliwe paonekane peupe; kichaka mlangoni ni kualika nyoka. Oktoba akina mama wa kanisa wanakuja kusali hapa. Kama siku hiyo hakuna ua lililochanua, atang'oa mwenyewe.
Haya. Tutaona.

Jumatano, 21 Julai
Vimeoza! Vyote viwili, laini kama ndizi mbovu. Nimelia — kwa hasira. Maji ya kuchimba kwenye mchanga wa mto, nimeyapandisha mlima mgongoni kwa kamba ya kichwani, kumbe nilikuwa naviua.
Mama mkwe? Alifagia tu, huku akiimba pambio. Kwa sauti.

Ijumaa, 23 Julai
Nimekumbuka cha tatu! Kimesinyaa, na pale kilipokatwa utomvu mweupe umekauka ukawa gamba. Nikamwonyesha Mutiso. Eti, "Ah, yule mtu wa bustani kule Makindu alisema vikauke kwanza kivulini ndio vipandwe. Nilisahau."
Alisahau! Wanaume hawa.
Nimekipanda kwenye changarawe. Maji kikombe tu, na si kila siku. Mkono unaniwasha kuongeza, najizuia.

Jumapili, 15 Agosti
Majani! Madogo, ya kijani kabisa, na nchi nzima imekauka hivi. Kanisani sikusikia mahubiri hata kidogo.

Alhamisi, 9 Septemba
Beberu la mama mkwe, lile lililomaliza mboga zangu zote, leo limejaribu mmea wangu. Tonge moja tu! Limeruka nyuma likipiga kelele, likaenda kusimama mbali na aibu yake. Nimecheka mpaka nikakaa chini. Mama mkwe naye alicheka, kisha akakumbuka kwamba hapaswi.

Jumamosi, 16 Oktoba
Nimeshinda!! Mvua haijanyesha, Tawa yetu yote ni vumbi, na mlangoni kwetu pamewaka maua mekundu. Akina mama walisimama pale kabla hata ya kusalimia. Mke wa pasta, mama Nzilani, akauliza, "Hii maua ni ya nani?"
Mama mkwe, bila kupepesa: "Ni yetu. Haitaki maji mingi, hiyo."
Yetu! Nilienda jikoni kuchochea moto ambao ulikuwa unawaka vizuri tu. Nilitaka kuruka.

Jumatatu, 18 Oktoba
Asubuhi, akina mama wamerudi. Na visu. Kumbe juzi, katika kujisifu, mama mkwe aliahidi kila mmoja tawi! Nikiwakatia wote, mmea wangu unabaki kisiki.
Nachungulia dirishani. Ameweka kigoda mbele ya mmea, ameketi, miguu ameinyoosha, hakuna pa kupita. Mama Nzilani anamkumbusha ahadi. Yeye anajibu, "Mimi nilikuwa naongea tu. Mwenye maua ni Kavata. Hajatoka, ngojeni."
Mwenye maua!
Ananiita sasa. Mara ya pili. Nitaenda, ila kwanza nimalize kuandika, polepole, na nitafute kile kitambaa changu kizuri cha kichwani.