Lango Moja, Sobongo

Jumatatu, 15 Septemba

Kazi nimepata! Msimamizi wa ghala la mbegu, hapa Kamina, karibu na stesheni. Miezi mitatu ya majaribio kwanza. Funguo ninazo mimi peke yangu — bila mimi halifunguki hata dirisha. Chef Xavier, mkubwa wangu, mtu wa Kinshasa, amenikabidhi funguo pamoja na onyo: saa moja asubuhi mlango uwe wazi. Akichelewa mtu, funguo zinarudi mfukoni mwake.

Kwa sasa nalala chumba cha wageni cha kanisa. Godoro lina shimo katikati, kuamka ni kama kutoka kisimani. Nitafute nyumba haraka, Mauwa na mtoto watoke Kaniama waje.

Nimempigia Mauwa. Anasema nichague mtaa wowote nipendao, ila si upande wa kambi ya reli, maana mama yake anakaa huko tangu baba mkwe alipokuwa hai. "Baba Ngoie, usikae karibu na mama. Ata fasi ya kusikia sauti yake, hapana."

Kana kwamba sijui! Mimi na Mama Buko, ndivyo sisi Waluba tunavyomwita mama mkwe, hatujakutana tangu siku ya mahari. Siku ile nilivua viatu, nikapiga magoti mbele yake, macho chini, nikaondoka kinyumenyume. Basi. Niliona miguu yake tu. Mtu na mama mkwe wake hawatazamani, hawali pamoja, hawapishani njiani. Jina lake siliandiki hata hapa, ambapo hasomi mtu. Vijana wa mjini wanacheka mambo haya. Wacheke. Baba yangu alimheshimu mkwe wake mpaka kaburini, na mimi sitaki kuwa wa kwanza kuvunja.

Jumatano, 17 Septemba

Nimezunguka na Papy, komisioneri, dalali wa nyumba. Mdomo wake haupumziki, pikipiki yake ndiyo inapumzika — mara tatu njiani!

Nyumba ya kwanza ilikuwa pembeni ya kambi ya reli. Matofali mazuri, choo safi, na kutoka kizingitini naliona bati la ghala langu! Ningeweza kusikia lori likipiga honi na bado nikamaliza chai. Roho iliniuma. Nikasema hapana. Papy alinitazama kama mgonjwa.

Ya pili, njia ya kwenda base ya jeshi. Wake wa askari wanauza kila kitu: mkaa, samaki, unga, bia. Watu wacheshi, Kilingala kimejaa hewani. Lakini ukuta mmoja ni wa buvette, kilabu cha pombe, na muziki unaanza mapema kuliko jogoo. Hapana tena.

Papy akazima pikipiki. "Patron, weye unatafuta nyumba ao unatafuta mbingu?"

Jumamosi, 20 Septemba

Nimepata! Sobongo, mbali kabisa na kambi ya reli. Kwenda kazini ni mwendo mrefu, lakini miguu ninayo. Parsele moja, yaani kiwanja, ina ukuta pande zote, nyumba mbili zinatazamana, kisima katikati, mpera mmoja, lango moja. Kimya! Nilisikia hata panzi.

Nyumba ya pili nani? Papy: "Kule kutaingia mama mumoya mujane. Mama wa kwaya. Anatafuta fasi ya kutulia." Nikauliza kama ana mbwa. Hana. Redio kubwa? Hana. Watoto wa kupiga mpira ukutani? Hana, watoto wake wameoa na kuolewa. Nikauliza kila kitu isipokuwa jina. Jina la mama mjane linanihusu nini?

Mzee Mukalay, mwenye nyumba, amechukua garanti yote, amana ya miezi kadhaa, siku hiyohiyo na kwenda nayo moja kwa moja kwa muuza mabati. Sawa. Mauwa amefurahi mpaka simu ikakoroma. "Sobongo! Njo muzuri. Mama hafikaka kule ata siku moya!"

Jumapili, 28 Septemba

Sijui nianzie wapi.

Nilihamia jana jioni. Leo asubuhi nimetoka na taulo kiunoni, mswaki mdomoni, usingizi bado machoni. Mtu kisimani anachota maji. Macho yangu yalikuwa chini — na chini kulikuwa na miguu. Kidole gumba cha kushoto hakina ukucha. Miguu ile naijua! Nilipiga magoti mbele yake muda mrefu, niliisoma kama katekisimu.

Yeye: "Maweee!" Ndoo ikaanguka. Kikwembe, kitenge chake, juu ya kichwa. Mimi nikarudi ndani kwa mbio, nikagonga mwimo wa mlango, taulo — sitaandika habari za taulo.

Kanisani sikwenda. Yeye pia hakwenda. Siku nzima kila mmoja kwake, madirisha yamefungwa. Choo kiko ng'ambo ya kisima. Ee Mungu.

Mauwa amempigia mama yake, kisha akanipigia mimi akilia na kucheka. Habari ni hii: Mama Buko alisikia kwamba mkwe wake amepata kazi karibu na stesheni. Akafikiri, mtoto wa watu atataka nyumba upande wa reli, na mimi nitamzibia njia. Akaondoka kimya kimya nyumba aliyokaa miaka yote, hata binti yake hakumwambia, asije akamzuia. Akatafuta mtaa wa mbali zaidi. "Mama alihama ju yako," Mauwa anasema. "Ju ya kukupa heshima!"

Nimeruka mkojo nikakanyaga — hapana, Mungu nisamehe, mama wa watu siwezi kumfananisha na kitu kile. Kila mmoja alimkimbia mwenzake kwa adabu, tukakutana kisimani.

Jumanne, 30 Septemba

Mzee Mukalay anasema garanti imekwisha kuwa mabati, na mabati yako juu ya paa la mtoto wake. Ya Mama Buko vilevile. Hana la kurudisha mpaka tumalize miezi yetu. "Mukae tu. Muko bandugu!" Ndiyo maana siwezi kukaa, baba!

Na hata kama ningekuwa na pa kwenda. Nikihama, watasema mkwe amemkimbia mama mjane. Akihama yeye, watasema nimemfukuza. Nyumba yake ya zamani imekwisha kupata mtu. Nimelala chali nikitazama dari na kuhesabu mabuibui, mtu mzima, mwenye diploma, anayeogopa kwenda chooni.

Jumamosi, 4 Oktoba

Sasa tuna utaratibu. Haukupangwa na mtu, umejipanga wenyewe.

Mimi nikitaka kutoka, nakohoa mlangoni. Yeye anaingia kwake, anagonga sufuria mara moja: njia nyeupe. Yeye akitaka kutoka, anagonga kwanza, na mimi nakohoa kumjibu. Maneno hatusemi. Akiwa na neno, anawaambia kuku wake kwa sauti. "Bakuku, leo maji ya kisima haiko muzuri, ichemshwe." Nachemsha. Mimi sina kuku. Mimi namwambia mpera.

Jambo kubwa likitokea tunampigia Mauwa. Jana mimi nilikuwa upande huu wa ua, mama yake upande ule, na Mauwa kule Kaniama akipokea huku na kupeleka kule, habari ya nani ameacha kamba ya kisima imelowa. Ni mimi. Nimeona aibu.

Jumatano, 8 Oktoba

Nimechelewa kazini. Mama Buko anafagia ua kila alfajiri, na anafagia kwa imani! Nakohoa, hasikii kwa sababu anaimba. Nakohoa tena. Wimbo una beti nyingi. Nilikaa kitandani nimevaa viatu nikaandika ukurasa mzima wa upuuzi hapa, kisha nikauchana. Siku hizi naandika pale tu ninapongoja kutoka, yaani kila siku.

Nilipofika ghalani, wapakuaji wamekaa kwenye magunia, lori linanguruma, Chef Xavier amesimama mlangoni mikono nyuma. Nikamweleza yote. Alisikiliza mpaka mwisho, nikafikiri ameelewa. "Buko? Mu kontra yako niliandikaka wapi buko?" Kweli, mkataba wangu hauna neno hilo. Wapakuaji, Waluba wenzangu, walitazama ardhi. Yeye akasema mvua inakuja, mbegu lazima zifike kwa wakulima kabla yake, na nikichelewa tena nimpe funguo nirudi Kaniama.

Kaniama tumekwisha kuuza vitanda.

Jumapili, 12 Oktoba

Jana nilirudi nikakuta sahani kizingitini, imefunikwa. Bukari, ugali wa kwetu, na samaki wa Mulongo, na pilipili pembeni jinsi nipendavyo. Mauwa kamwambia. Nilikula ndani, mlango umefungwa, mgongo kuelekea kwake, nikaona aibu ya kufurahi. Mama huyu ninamwogopa kuliko askari, na hakuna mtu Kamina anayenitunza kama yeye.

Leo alipokwenda kwaya nilipanda juu ya nyumba yake nikapigilia bati lililokuwa likipiga kelele. Jioni aliwaambia kuku: "Munaona? Leo bati inanyamaza. Mungu amubariki mwenye kupanda." Nikaingia ndani, machozi yananilenga. Upumbavu.

Anayeweza kuondoa mwiko ni mjomba wa Mauwa, Kitwa, kwa mbuzi na maneno ya kimila. Yuko Mulongo. Anasema atakuja mvua ikipungua. Mvua ndiyo kwanza inaanza!

Ijumaa, 17 Oktoba

Mauwa na mtoto watakuja mwisho wa mwezi. Ameniuliza kwa sauti ndogo kama kazi bado ipo. Nikasema ipo. Hajui kuwa kila siku natoka alfajiri kabla ya ufagio, nakaa mbele ya ghala gizani pamoja na mlinzi, ili tu nisikutane na nyimbo za mama yake. Nimechoka. Kwenye ua huu sina pa kunyoosha miguu. Nikicheka, nacheka polepole. Nikikohoa kwa mafua, sufuria inalia, mama wa watu anakimbilia ndani bure.

Jumatano, 22 Oktoba

Mvua usiku kucha. Nimelala kupita kiasi, mara ya kwanza. Bado muda kidogo kabla ya saa moja. Nikikimbia nafika.

Nimekohoa. Sufuria haikulia.

Nimekohoa tena. Kimya, mvua tu juu ya bati. Kisha sauti kutoka upande wa lango. Kuugua. Nimefungua dirisha kidogo, macho chini. Naona ndoo imepinduka, matope, na miguu. Ile. Mmoja umekaa vibaya. Ameteleza langoni, amelala katikati ya njia, na ukuta huku, ukuta huku.

Nimeita majirani. Nani asikie na mvua hii? Nimempigia Mauwa, analia, anasema anawapigia mama wa kwaya, ngoja, ngoja, usimshike! Kisha anasema, mama anapigwa na mvua! Kisha mtandao umekatika. Sijui nishike neno lipi kati ya hayo.

Chef Xavier anapiga simu. Sijapokea. Anapiga tena. Lori liko mlangoni, najua, na funguo ziko hapa mezani, pembeni ya kalamu. Ndiyo maana naandika. Mkono unataka kufanya kitu na hakuna kitu kinachoruhusiwa.

Amesema! Sauti ndogo, lakini nimesikia kila neno. "Bakuku... mwenye kazi apite. Minyi nimefunika uso. Apite tu, asichelewe."

Nimechungulia. Kweli, amekivuta kikwembe kilicholowa mpaka kichwani. Mguu umevunjika labda, maji yanampiga, na yeye anachofikiria ni kazi yangu. Anataka nimruke. Kumruka mtu aliyelala ni vibaya, mtoto yeyote anajua. Kumruka mkwe! Hata baba yangu hakunifundisha hilo linaitwaje, kwa sababu hakuna aliyewahi kulifanya. Na kumbeba? Kumshika kwa mikono hii, kumpakata kama mtoto? Hilo pia hakunifundisha.

Simu tena. Saa moja.

"Bakuku, apite!" Sasa analia.

Nilikuwa nimekwisha kuvaa viatu vya kazi, kamba zimefungwa. Nimevivua. Niko miguu wazi kama siku ya mahari, na nimeukoholea mlango kwa nguvu ili ajue ninatoka, na kalamu naiweka chini: mikono hii inakwenda kumbeba.