Mwamba, Si Mwambao

Kuze, Mombasa
Jumatatu alasiri, 1993

Mama yangu,

Shikamoo, na asalaam aleikum kwa nyumba nzima. Goti lako linaendeleaje? Niambie kweli, usinifiche kama ulivyonificha ile malaria, nikaja kuambiwa na watu waliotoka huko kwa treni. Mimi ni mzima wa mwili, alhamdulillahi. Roho ndiyo imechafuka, na leo utanivumilia.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Umesema ikifika Idi na huu muziki wangu haujasimama kwa miguu yake, nifunge mizigo nirudi Ujiji. Basi nikasema liwalo na liwe, nitafanya onyesho moja hapa hapa Mji wa Kale, watu wasikie wenyewe, kisha nikuandikie jawabu. Hebu sikia yaliyonipata.

Kazi zangu unazijua. Mchana napigwa picha nimejifunga khanga, ambazo huku wanaziita leso, na mpiga picha ananifokea, "Tabasamu! Funga mdomo!" Nikitoka hapo naenda kwenye mchezo wa televisheni, na huko mwaka wa pili sasa mimi ni mke anayelia. Mtungaji hunipa mimi machozi, maneno humpa mume. Nikimwomba hata sentensi mbili ananijibu, "Wewe uso wako watosha." Ati uso watosha! Ndiyo maana nikashika gitaa la umeme, mama. Gitaa halijui kama mimi ni mzuri.

Tuko watatu. Katana, kijana wa Rabai anayetengeneza mashua kule Liwatoni, anapiga ngoma. Wafula, karani wa bandarini, yuko kwenye gitaa la besi. Muziki wenyewe unaitwa roki, ni wa makelele, sikatai. Lakini Shangazi, wifi yako, alisema neno hilo nisilibandike karibu na mlango wake, watu watadhani ni ulevi. Nami kwa ujuaji wangu nikalitafsiri. Roki si jiwe kubwa la baharini? Nikaandika kwenye karatasi MUZIKI WA MWAMBA, nikampelekea Bwana Faraji, mwandika vibao wa hapa Kuze. Huyu ni bingwa wa Kiswahili, hata matangazo ya msikiti hupita mkononi mwake kwanza.

Jumamosi adhuhuri, siku yenyewe ya onyesho, natoka nje nakuta vibao vimetundikwa kila kona: MUZIKI WA MWAMBAO. Mwambao, mama! Taarabu hiyo! Nikamkimbilia miguu mitupu.

"Bwana Faraji, umeniua!"

"Kwa nini, mwanangu?" Ametulia, anasafisha brashi. "Naliona umesahau herufi, nikakuongezea. Wala sikutozi."

Sasa nimwambie nini mzee kama yule? Nilirudi nyumbani nikalia, tena bila mtungaji kuniamuru.

Baada ya swala ya alasiri ukumbi ulijaa akina mama, wamejifukiza udi, maua ya asumini kichwani. Vijana wanaotusikiliza tukifanya mazoezi Liwatoni hakuja hata mmoja. Walisoma kibao wakasema hayo ni mambo ya mama zao. Katana alipopiga ngoma ya kwanza, bibi mmoja alishika kifua, "Yarabi!" Mwingine akamwita Wafula, "Baba, na fidla mumeiacha wapi?" Wimbo wa kwanza walikaa kwa adabu. Wa pili, nusu wakajitanda buibui zao wakaenda. Wa tatu niliuimba kwa hasira, jasho na machozi sijui kipi ni kipi.

Katikati ya wimbo akainuka Bi Salma, jirani yetu anayeuza viazi vya karai, akaja mpaka mbele kama wanavyokwenda kumtunza mwimbaji wa taarabu kwa noti. Nikainama. Akaninong'oneza, "Mwanangu, sura umepewa, sauti umepewa. Kwani ni nani aliyekuudhi?"

Mama, nilishindwa kuendelea kuimba. Katana naye akasimamisha ngoma. Nikashika maikrofoni nikaanza kuwataja: mpiga picha na "funga mdomo" yake, mtungaji na machozi yake, mwenye duka la leso anayenigeuzageuza kana kwamba ananunua kitambaa, wanaume wa barazani wanaoniambia, "Cheka kidogo, dada." Hata Bwana Faraji na herufi yake nilimtia. Akina mama waliobaki wakacheka, halafu wakaanza kuitikia. "Wambie!" "Na wangu ni vivyo hivyo!" Kigelegele kikapigwa nyuma. Katana, mjanja yule, akaanza kupiga polepole chini ya maneno yangu, nikaurudia wimbo wa tatu, na safari hii waliusikiliza mpaka mwisho.

Usidhani nimeshinda. Jana wamekuja wawili wa akina mama hao kunitaka niimbe harusini, "lakini huyo kijana wa ngoma mwache huko huko Liwatoni, nawe uvae dera." Nimekataa. Shangazi anasema nimeipiga teke riziki, na tangu asubuhi hanisemeshi. Anazungumza na paka, kwa sauti, ili nisikie.

Kwa hiyo jawabu ndilo hilo. Muziki haujasimama kwa miguu yake, sitakudanganya.

Nisalimie Mjomba Hamisi fundi cherehani, aliyenishonea suruali yangu ya kwanza kisha akaapa si yeye. Msalimie dada Tatu na mumewe dereva, na Bibi Mwavita mkunga, mwambie ile dawa yake ya koo imekwisha.

Sasa la mwisho, na unisamehe kulisema. Pale ukumbini nilimtaja kila aliyeniudhi isipokuwa mmoja. Jina lake nililimeza kwa heshima, na tangu siku hiyo linanikaba. Ni lako, mama. Uliniandikia, "Kizuri chajiuza, makelele ya nini?" Mpiga picha akiniambia nifunge mdomo, nitamjibu. Wewe ukiniambia, niende kwa nani? Idi ikifika sirudi. Ninunie utakavyo, lakini barua hii nijibu.

Mwanao, anayekupenda hata akikasirika,
Mwajuma