Mkono Juu Mbele ya Kamati

Jumamosi, 4 Februari

Drummondville. Nyuzi ishirini chini ya sifuri. Kiwanda cha mbao cha zamani, ndani yake watu sitini wenye bunduki bandia. Mchezo wenyewe ni airsoft: risasi ni punje za plastiki, haziachi rangi wala alama. Ukipigwa, mara nyingi unajua wewe peke yako. Basi unainua mkono, unasema "nimepigwa", unafunga kitambaa chekundu kichwani, unatoka. Nimetazama kwa saa nne, sikusikia ubishi hata mmoja. Miaka ishirini na sita nimeripoti hoki — huko sijaona kitu kama hiki.

Réjean Coulombe, mwenye uwanja, alinipa bunduki nijaribu. Punje ikanigonga begani. Nikapiga hatua kadhaa zaidi, ndipo nikainua mkono. Réjean akacheka. "Hatua tano, mwandishi. Sisi huwa tunahesabu."

Muswada ulioko bungeni Ottawa una kifungu cha saba: marufuku kuuza au kuagiza bunduki bandia yoyote inayofanana na ya kweli. Zilizopo zikichakaa, basi. Réjean anajipa miaka miwili kabla ya kufunga lango.

Jumatatu, 6 Februari

Kwa Solange Arsenault, shemeji yake Réjean na katibu wa shirikisho la wachezaji. Mchana anasafisha watu meno. Kazi ya shirikisho anaifanya jikoni, bila malipo. Haombi waachwe wajifanyie watakavyo. Anaomba sheria: umri wa miaka kumi na minane, bunduki ndani ya begi lililofungwa, miwani ya kinga, kasi ya punje ipimwe langoni. Waraka wake kwa kamati ya bunge inayopitia muswada ni kurasa kumi na nne. Ningeuchapa bila kugusa sentensi.

Nguzo yake iko ukurasa wa tatu: klabu arobaini, miaka kumi, hakuna jicho lililoumia. Nikaomba kuona fomu ambazo klabu hujaza mtu akitoka mchezoni au akiumia. Akanibebesha masanduku mawili bila kuuliza natafuta nini.

Jumanne, 7 Februari

Nimeipata.

Machi, miaka sita iliyopita, uwanjani kwa Réjean. Miwani ilishika ukungu, mchezaji akaiinua, punje ikampiga jicho la kushoto. Akainua mkono, akafunga kitambaa, akaondoka kwa miguu yake. Msimamizi akaandika: ametoka mwenyewe. Fomu ikaenda kwenye faili la waliotolewa mchezoni, si la ajali. Kwao, mtu akishajitangaza, mambo yamekwisha.

Nimempigia mchezaji huyo. Jicho hilo halijarudi sawa. Bado anacheza.

Kisha nikampigia Solange. Akaomba namba ya fomu. Nikamwambia habari yangu inatoka Ijumaa. Akasema sawa. Hakuomba nisubiri.

Jumatano, 8 Februari

Réjean amenipigia mara tatu kuhusu ile fomu. Ana hasira, ila ya adabu. Kamati inakaa kesho na kura ni kesho hiyo hiyo, anasema, kwa hiyo shemeji yake asome waraka wake arudi nyumbani. Solange hapokei simu zake.

Alhamisi, 9 Februari

Ottawa, chumba cha kamati. Solange alipewa dakika tano. Ukurasa wa tatu aliuruka. Mbunge Haverstock, aliyekiandika kifungu cha saba, hata hivyo akakiri kwamba takwimu ya macho aliyoisoma kwenye waraka imemtikisa, akageukia shahidi mwingine. Zamu ya Solange ilikuwa imekwisha. Wangeshinda, nadhani.

Solange akainua mkono.

Mwenyekiti akamwambia muda wake umepita.

"Najua, mheshimiwa. Nimepigwa."

Akaisoma fomu yote, jicho na kila kitu. Kosa liko ukurasa wa tatu, akasema, na ni lake.

Haverstock akavua miwani. "Uliligundua wewe?"

"Hapana. Mwandishi yule pale. Habari yake inatoka kesho."

"Na kura ni leo. Ungeweza kunyamaza."

"Ningeweza."

Mwenyekiti akaahirisha kikao kwa nusu saa.

Naandika ukumbini. Réjean amekaa kando ya Solange, anammiminia supu ya njegere kutoka kwenye chupa. Mlango uko wazi kidogo: Haverstock amebaki peke yake na ile fomu, na muswada mbele yake.

"Hatua ngapi, shemeji?" Réjean ameuliza sasa hivi.

"Siku mbili," Solange kamjibu. "Nyingi mno."

Haverstock ameshika kalamu juu ya kifungu cha saba. Karani anatuita ndani —