Vumbi la Koti la Papa

Bunia, Bigo, 4 Februari 2024

Binti yangu Hortense,

Nakusalimu sana. Huko Kampala mnaamkaje, weye na bwana yako? Na mimba? Mimi, na miaka yangu sabini na moja, bado napanda kilima bila fimbo. Mama yako anasema ni kiburi.

Yeye ndiye hayuko vizuri. Kikohozi kimemshika tangu Noeli. Hospitalini wamemtoa maji ubavuni, nusu ya bidoni ya lita tano. Daktari aliniuliza kazi yangu ya zamani, nikamweleza kwa furaha jinsi nilivyokata na kutoboa manjanja ya simenti, yale mazito ya kuezekea, tulipofunika nyumba za wakubwa. Akaandika tu. Karatasini kuna neno refu: mésothéliome. Weye ni muuguzi, niambie ni ugonjwa gani na umetoka wapi.

Barua nampa mama muuza samaki anayevuka ziwa pale Kasenyi kuja huko Uganda.

Papa yako, Fulgence

Kampala, 19 Februari 2024

Papa mpendwa,

Shikamoo, na pole ya kuuguza. Barua ilifika ikinuka makayabo, samaki wale wa chumvi, nikacheka kabla ya kuifungua. Nilipoisoma nililia.

Ni kansa ya utando unaofunika pafu. Haiambukizi. Dawa ya kuiondoa hakuna, Papa, hata hapa sijaona aliyepona. Omba dawa ya maumivu, wasimnyime. Alale akiegemea mito. Ningekuja, lakini mimba ina miezi saba na nimekatazwa kusafiri.

Binti yako, Hortense

Bunia, 11 Machi 2024

Binti yangu,

Salamu nyingi. Mama yako amekonda, usiku hasinzii.

Umejibu yote ukaruka moja: ugonjwa umetoka wapi? Hapa watu wameshajijibu. Wanasema ni karuho, ile sumu ya polepole, na kwamba jirani yetu Mbambu ameitia katika uji aliomletea mama yako kila asubuhi. Sasa mama yako hagusi uji. Jana wajomba zako walimsimamia Mbambu mlangoni: "Ni weye unaua dada yetu! Utoke Bigo mbele ya Pasaka!" Naye: "Mi sina kitu, mi nilileta tu uji." Alikuja hapa akikimbia vita ya Komanda, ataenda wapi tena? Nami, nisikufiche, nimeanza kumtazama vibaya.

Papa yako

Kampala, 20 Machi 2024

Papa mpendwa,

Natumaini barua hii inakukuta na nguvu. Nimeiandika na kuichana mara tatu.

Mwacheni Mbambu. Ni vumbi la manjanja yale. Ndani ya simenti yake kulikuwa na amianti, yaani asbesto, nyuzi ndogo sana. Mtu akizivuta zinakaa kifuani miaka thelathini, arobaini, ndipo ugonjwa hutokea. Ulikuwa unarudi na koti jeupe kwa vumbi. Chemchemi ilikuwa mbali, na kwa kuhurumia maji Mama alikung'uta koti kavu kwanza, pale mlangoni. Mimi nilishika mkono wa koti, kumsaidia. Hakuna aliyekuambia, Papa, hukujua. Lakini wasomee wajomba barua hii kabla ya Pasaka, nakuomba.

Binti yako

Bunia, 9 Juni 2024

Binti yangu,

Nakusalimu pamoja na mtoto mchanga. Kifo cha mama yako ulikisikia kwa simu, mengine nakuandikia hapa.

Barua niliisoma Jumamosi ya Pasaka, wajomba wote wamekaa. Mmoja akasema, "Basi ni weye, muzee." Nikajibu, "Ni miye." Mbambu akarudi na uji, mama yako akameza vijiko viwili, akamwomba msamaha. Mimi akaniambia, "Fulgence, koti ile ilisomesha batoto." Hilo halinisaidii.

Hortense, uliandika kwamba ulishika mkono wa koti, ukapita haraka. Ulikuwa na miaka sita, sasa una thelathini na sita. Nimemuuliza daktari kama kuna dawa ya kuzuia. Anasema hakuna, ni kupigwa picha ya kifua na kungoja. Changu kiko safi, na ninaona haya kupumua. Sina ninaloweza kukufanyia mwanangu, hata moja.

Niambie kama unakohoa.

Papa yako